Tulikula Ng'ombe, Hatukuuza Barabara

Mtu akiniambia barabara ni mali ya serikali, namkatalia. Akiniambia basi barabara ziuzwe kwa watu binafsi maana serikali imeshindwa, namkatalia kwa sauti kubwa zaidi, na kama nilikuwa nimekaa nasimama. Wanangu wananijua. Redio ikianza habari za mwekezaji na reli, mwekezaji na bandari, mmoja ananyanyuka haraka kwenda kubadilisha stesheni na mwingine ananiambia, "Mama, chai inapoa." Ipoe! Mimi nina neno langu kuhusu barabara, na sikulipata redioni.

Siku hizi naishi Kitaji, Musoma mjini, ila kwetu ni vijiji vya ziwani upande wa Kibara. Barabara ya kwenda Bunda ndiyo ilikuwa njia yetu ya soko, ya hospitali, ya kila kitu. Reli hatukuwa nayo. Mpaka leo Musoma haina reli, ina ahadi ya reli. Nikiwa mtoto tuliambiwa inakuja, na wazee waliotuambia walikuwa wameambiwa hivyo hivyo na wazee wao. Treni yetu sisi ilikuwa meli, kwa sababu meli za ziwani zilikuwa chini ya shirika la reli, la serikali, na baba akitoka Mwanza alipenda kututambia kwamba amepanda treni inayoelea. Miaka ya shida ilipokolea, meli ikawa inakuja ikijisikia. Halafu ikaacha kujisikia kabisa.

Na barabara nayo hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kila kitu kilikuwa cha serikali na hakuna kilichokuwepo. Basi la serikali lilikuwa halina matairi. Greda la serikali liliharibikia kijijini kwetu, karibu na shule, dereva akasema anakwenda Musoma kufuata spea, akaaga vizuri, akapeana mikono na watu. Hatukumwona tena. Greda likabaki pale mpaka kuku wa mwalimu wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva, na mke wa mwalimu akawa anapanda ngazi kila asubuhi kuokota mayai. Hiyo ndiyo faida pekee ya greda niliyoiona kwa macho yangu.

Mvua zikaila barabara. Kati ya kijiji chetu na Bunda kuna korongo lenye kingo za juu, na maji yalipolichimba zaidi hata baiskeli ikawa haipiti. Viongozi wakaja wamevaa mabuti, wakalitazama, wakatuambia neno lao lile: jitegemeeni. Haya, tukajitegemea. Watu wakaitana risaga.

Risaga ni desturi ya kwetu Mara, nieleze kidogo. Una shamba limekushinda, unawaita majirani. Wanakuja na majembe yao, wanalima siku hiyo, na wewe unawalisha. Walevi wanapewa pombe, sisi wa kanisani togwa. Kazi ya siku ile ni yako wewe uliyelisha, hakuna mtu atakayekuja kesho kudai mavuno. Lakini na wewe umebaki na deni la siku. Kila aliyeshika jembe kwako, akikuita unakwenda, mwenyewe, kwa mikono yako. Mama yangu alikuwa mtoto wa Butiama, ameolewa huku ziwani, na kwenye jambo la risaga alikuwa mkali kuliko mchungaji wetu kwenye zaka. Akiwa na homa alikwenda. Nilipomuuliza kwa nini asitume mtu, alinijibu, "Wakikuzoea kwamba hujagi, siku ya msiba wako nani atashika sepetu?"

Kwa risaga ile ya korongo hakukuwa na mwenye shamba. Kila nyumba ilileta chakula chake, tukala pamoja, tukajenga drifti: sakafu ya mawe na saruji chini ya korongo, ili magari yapite na maji yapite juu yake. Saruji ilitoka kanisani, ilikuwa ya kujengea mnara wa kengele. Mawe tuliyavunja wenyewe. Hata sisi watoto tulibeba kokoto kwenye sufuria.

Jiwe moja liliteleza kwenye ukingo likamwangukia baba mguuni. Baba alikuwa mvuvi, mtu wa kusukuma mtumbwi alfajiri na kurudi anaimba. Walimvusha korongo mikononi, wakambeba kwa baiskeli mpaka Bunda, kwenye barabara ileile aliyokuwa anaitengeneza, na kila shimo alilolipita alilipigia kelele. Mguu ukaoza, wakaukata juu ya kifundo. Alirudi na magongo, mnyonge, na ziwani hakurudi tena. Nilikuwa naumia kumwona anakaa mlangoni anaangalia maji. Lakini tukipita naye kwenye drifti alipiga sakafu kwa gongo na kusema, "Taratibu hapo, pana mguu wangu." Watu wanacheka, na yeye anacheka.

Kwa hiyo mama akawa ndiye mvuvi wa nchi kavu. Alinunua samaki ufukweni, sato na sangara, akawapanga kwenye beseni kubwa la bati, akawapeleka Bunda sokoni. Beseni lile ndilo lililotulisha, lilimvalisha baba, lilinipeleka sekondari Musoma. Likipita drifti likafika Bunda, tumekula. Lisipofika, hatujala. Mambo yetu yalikuwa mepesi kuelewa namna hiyo.

Halafu ikaja ruksa, watu binafsi wakaruhusiwa kufanya biashara. Siisemi vibaya yote, mimi si mtu wa kusahau. Kabla ya ruksa mama alisubiri lori la chama cha ushirika lililopita linapotaka. Baada ya ruksa zikaja pikapu za watu binafsi, unapanda nyuma na beseni lako, unafika sokoni samaki bado wana macho yanayong'aa. Sabuni ikarudi. Mitumba ikaja. Na wakaja wanunuzi binafsi wa pamba.

Mnunuzi mkubwa wa upande wetu hakuwa mgeni. Alizaliwa pale pale, mama yake mzazi alikuwa anakaa nyuma ya kanisa, bibi mwenye ng'ombe wengi na ulimi mwepesi. Kijana alikwenda Mwanza, akakaa huko miaka, akarudi na malori, viatu vya ngozi na ghala la pamba la mabati yanayong'aa. Tulijivunia. Mtu wa kwetu, bwana!

Mwaka mmoja masika yakaharibu barabara vibaya, drifti ikafunikwa na mchanga, malori yake yakakwama. Greda la wilaya? Thubutu. Ndipo akatangaza kanisani, kwa adabu kabisa, kwamba anaita risaga ya barabara. Atachinja ng'ombe. Moramu, ule udongo mwekundu wa barabara, ataleta kwa malori yake, sisi tuje na majembe tusambaze.

Tulikwenda wote. Nilikuwa likizo, nikaenda na mama, baba akasindikizwa na magongo yake akawekwa juu ya jiwe ukingoni atusimamie. Miaka ile nyama ilikuwa ya Krismasi na arusi, na siku ile ilikuwa Jumanne ya kawaida. Masufuria yalikuwa yanachemka pembeni ya korongo, bibi mwenyewe, mama wa mnunuzi, amefunga kanga kiunoni anakoroga na kutukana moshi. Tulifukua drifti, tukazibua mitaro, tukamwaga moramu mpaka barabara ikawa nyekundu na laini. Tukala. Mama alikula. Baba alipewa kipande cha ini. Tukaimba pambio njia nzima kurudi.

Nilirudi shule Musoma. Likizo iliyofuata nilishuka Bunda, nikapanda pikapu, na tulipofika drifti gari likasimama. Mti mrefu wa mkaratusi ulikuwa umelazwa kukata barabara, jiwe limefungwa upande mmoja ili ukilegeza kamba unyanyuke. Geti. Kibanda cha mabati pembeni, na mlinzi, mtu mzima aliyewahi kuwa mgambo, bado anavaa kofia yake. Huwezi kulizunguka, maana kingo za korongo ni zilezile. Gari linalipia, na kila abiria mwenye mzigo analipia mzigo wake.

"Kwa amri ya nani?" nikauliza.

"Barabara ni ya bosi," akasema mlinzi. "Lipa, dada, wenzako wana haraka."

Nililipa! Bado inaniuma. Nilifika nyumbani nikamkuta mama amekaa chini na beseni lake mbele yake, halijajaa hata nusu, analitazama. Akaniambia mambo yalivyo. Kwenda analipia, kurudi analipia. Siku akiwa hana pesa mkononi, kwa sababu muuza samaki anapata pesa sokoni na si kabla ya soko, mlinzi anaingiza mkono kwenye beseni anachagua. Na hachagui mdogo. "Anachukuaga yule sato wa juu," mama akasema, "yule ambaye mteja wangu anamwangalia kwanza." Mtaji ulikuwa umeliwa samaki kwa samaki. Kama beseni litakufa, alisema, mimi sitarudi shule na baba yangu ataombaomba, na yeye haoni njia nyingine yoyote. Alilia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia, na mimi kwa hasira nikashindwa kula.

Kijiji kikaitisha mkutano. Mtendaji akasema serikali haina fungu la barabara ile, na kwamba mwenzetu amejitolea pale ambapo serikali imekwama, tuwe na shukrani. Kumbe yale mabuti yaliyokuja kutuambia tujitegemee yalikuwa hayajui tena barabara ni ya nani. Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akasema drifti tumeijenga sisi, ina mguu wa mtu ndani yake.

Mnunuzi akasimama. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. "Wazee wangu, mama zangu," akasema, "drifti ilikuwa imezikwa na mchanga, hata bata hapiti. Nani aliifufua? Mimi niliwaita risaga. Mlikuja?"

"Tulikuja," watu wakasema.

"Mlikula?"

Tulikuwa tumekula.

"Sisi ni watu wa mila. Kazi ya risaga ni ya nani? Nisaidieni."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu kila mtu alijua jibu. Kazi ya risaga ni ya aliyelisha. Tulikuwa tumeila barabara yetu wenyewe kwa mchuzi. Mjini watu wangecheka, wangesema ng'ombe ni ng'ombe na barabara ni barabara. Kwetu hapana. Walitoka pale kichwa chini, wengine wanatema mate, na geti likabaki.

Mama hakulala vizuri siku zile. Alikuwa anaenda shambani kwenye mtama wake, analima kwa hasira, anasimama, anaongea peke yake. Asubuhi moja nilikuwa nalima nyuma yake, akasimama ghafla akatupa jembe chini.

"Sasa zamu yetu iko wapi?" akasema.

"Zamu gani, mama?"

"Sisi tulimlimia. Yeye amemlimia nani?"

Nieleze hapa. Siku zile za ruksa risaga ilikuwa imebaki nusu. Mwenye uwezo alilisha, asiye nacho alilima, na mambo yakaishia hapo. Ile nusu ya pili, ya mwenye uwezo kushika jembe kwenye shamba lako, watu waliiacha polepole kwa aibu ya kumwita tajiri ainame. Sijui ilipotea lini. Lakini haikuwa imefutwa na mtu yeyote, na mama yangu hakuwa na aibu ya namna hiyo.

Tulikwenda ghalani kwake, mimi na yeye. Mnunuzi alikuwa anasimamia upimaji wa pamba. Akamwamkia mama shikamoo, vizuri kabisa, mama akaitikia.

"Baba," mama akamwambia, maana kwetu mwanaume anayekuzidi uwezo unamwita baba hata kama ungeweza kumzaa, "nimekuja kukuita. Alhamisi nina risaga, mtama wangu umenishinda. Njoo na jembe."

Akacheka. "Mama, nitakuletea vibarua watatu. Watamaliza kabla ya saa nne."

"Sijaita vibarua. Nimekuita wewe."

"Nina kazi, mama."

"Na mimi nilikuwaga na kazi siku ile. Niliacha samaki wakaoza. Umesema mwenyewe mbele ya watu kwamba ile ilikuwa risaga. Nimekubali. Ilikuwa risaga. Basi unadaiwa siku yangu, na siku ya mume wangu aliyekaa juu ya jiwe, na ya huyu mtoto. Anzia na yangu."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya pamba waliacha mizigo yao wakasogea. Mnunuzi akaangalia mzani, akaangalia viatu vyake. Akasema atatazama. Tulipotoka nje mama akaniambia nitembee nikiwa nimenyooka.

Habari ilifika ufukweni kabla yetu. Wanawake wa samaki walicheka mpaka wakashikana mabega. Jumapili yake, baada ya ibada, mmoja akamfuata mnunuzi mlangoni mwa kanisa: "Baba, Ijumaa ni kwangu, mihogo." Mwingine akaja: "Kwangu Jumamosi, karibu sana, utakula kamongo." Mpaka anafika kwenye gari lake alikuwa ameitwa kwenye mashamba ya kijiji kizima. Hakuna aliyemtishia. Hakuna aliyetaja msiba wala sepetu. Lakini bibi yule, mama yake, alikuwa amesimama pembeni na Biblia yake kwapani, akasikia yote.

Alhamisi mama aliamka akasonga ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, akapika sato mkubwa kuliko wote wa wiki ile, yule ambaye angepaswa kukaa juu ya beseni. Nilimwambia anapoteza, hatakuja. Akasema, "Mimi nimeita. Anayeita anapikaga." Tukakaa kando ya shamba. Baba kwenye kigoda chake, majirani wachache na majembe yao, na jua linapanda. Mnunuzi hakuja. Ikafika wakati ambapo hata mimi niliona aibu kuendelea kuangalia njiani.

Aliyekuja alikuwa bibi. Alikuja kwa miguu, polepole, fimbo mkono mmoja na jembe begani, jembe la zamani limelika likabaki dogo. Akasalimia watu. Akavua kandambili zake akaziweka pembeni.

"Nimekuja kulipa siku ya mwanangu," akasema.

Mama akaruka. "Mama, wewe hudaiwi! Keti, tafadhali."

"Nadaiwa sana. Yule ng'ombe alikuwa wa nani? Alitoka zizini kwangu. Mwanangu alileta chumvi na maneno. Niliyepika ni mimi, moshi umeniingia macho mimi. Mlilishwa na mimi." Akainama akaanza kulima.

Jamani. Mwanamke wa umri ule, mgongo umepinda, analima mtama wa mtu mwingine. Mama alijaribu kumnyang'anya jembe akakataa. Alilima mstari mzima mpaka mwisho, anapumua kwa nguvu. Baba alifuta macho kwa mkono wa shati. Alipomaliza akanawa, akakaa, akala sato, akasifia chumvi. Kisha akajifuta mdomo na kanga.

"Sasa mmenikubalia kwamba nimelipa?"

"Umelipa, mama," watu wakasema.

"Basi kama barabara ni ya aliyelisha, ni ya kwangu. Twendeni nikalione geti langu."

Sijawahi kutembea kwa furaha ile maishani. Bibi mbele, mama na beseni lake kichwani nyuma yake, baba na magongo, na kila nyumba tuliyopita watu walitoka wakajiunga, wanawake wa ufukweni wakiwa bado na magamba mikononi. Tulipofika korongoni mlinzi alisimama akavaa kofia vizuri.

"Legeza kamba," bibi akamwambia.

"Bibi, bosi atanifukuza."

"Mwambie mwenye ng'ombe amekuja."

Akaangalia umati, akalegeza kamba. Mti ukanyanyuka, wanawake wakaudaka wakaung'oa mzima na nguzo zake. Pikapu ya mnunuzi ilikuja inatimua vumbi, akashuka mlango ukiwa wazi.

"Mama! Unaniaibisha mbele ya watu."

"Umejiaibisha uliponiachia jembe nilime mimi," bibi akasema. Akamnyooshea jembe lile dogo. "Mtaro umejaa mchanga tena. Hii ni barabara yangu na nimekuita risaga. Shika."

Tulisubiri. Nilimwona uso wake ulivyobadilika, mara hasira, mara anataka kucheka, mara ni mtoto kabisa. Kisha akashika jembe. Akashuka kwenye mtaro na viatu vyake vya ngozi, akaanza kuzoa mchanga, na kwa kweli alikuwa hajasahau kulima. Watu wakamwachia nafasi. Alipofika pembeni mwa drifti akapiga jembe kwa nguvu kwenye saruji.

"Taratibu hapo," baba akasema kutoka juu ya jiwe lake. "Pana mguu wangu."

Hakuna aliyecheka mara hiyo. Mnunuzi alimwangalia baba, akasema, "Samahani, mzee," akaendelea taratibu.

Mkaratusi ule mama aliukata kuni. Ulikaushia samaki miezi, na kayabo wa mama, samaki wake wa kukausha kwa chumvi, alipata sifa Bunda mwaka ule. Mimi nilirudi shule. Mnunuzi aliendelea kununua pamba na sisi tukaendelea kugombana naye juu ya mizani yake, kama kawaida. Simpaki matope zaidi ya hayo. Mama alipofariki, miaka mingi baadaye, kaburi lake jirani na la baba lilichimbwa na watu wengi, na yeye alikuwa mmoja wao, mzee sasa, ameshika sepetu kwa mikono yake. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Serikali nayo ilikuja ilipoona barabara ni nzuri. Ikaweka kibao chenye namba yake, na ofisa mmoja akatuonya tusiokote mawe pembeni kwa sababu ni hifadhi ya barabara. Mawe yetu! Mama alikuwa hai bado. Alimuuliza yule ofisa zamu yake ya kuzibua mtaro ni lini. Ofisa akacheka akapanda gari, na mama akaendelea kuuliza vumbi.

Sasa juzi hivi nimeitwa Bunda kwenye mkutano wa wadau, maana shamba la wazazi wangu linapakana na barabara ile. Kuna kampuni inataka kupewa barabara, itie lami, iweke geti la kisasa la kujifungua lenyewe, na itutoze pesa mpaka miaka ambayo mimi sitakuwepo. Kijana mmoja nadhifu alitueleza kwa picha ukutani. Ofisa wa serikali aliyekaa pembeni yake alitikisa kichwa kukubali kila alichosema. Wote wawili walizungumza kana kwamba barabara ilidondoka kutoka mbinguni, na kilichobaki ni kuamua iwe ya huyu au ya yule.

Nilisimama, ndiyo. Nilisema lami tunaitaka, nani hataki lami? Nikawauliza mlipoandika wenye barabara, sisi mmetuandika wapi. Kijana akasema wananchi ni wanufaika. Nikamwambia aondoe neno hilo, anaanza vibaya. Akatabasamu, akasema hoja yangu imechukuliwa, na kabla hatujapiga kura ya kuonyesha tumeridhia, karibuni kwanza chakula, kampuni imeandaa.

Wakaingiza masufuria. Pilau, nyama, soda za baridi zinatoka jasho. Harufu ilijaa ukumbi, na watu walikuwa wametoka vijijini asubuhi bila chai.

Niligeuka nikawaangalia wanawake wa ufukweni, mabinti wa wale waliong'oa mkaratusi, wengine na wajukuu wao mgongoni. Mmoja aliyekuwa ameshanyoosha mkono kwenye chupa akaurudisha mapajani. Wa pembeni yake akasukuma sahani. Ikaenda hivyo mstari hadi mstari, mpaka wazee wa nyuma.

"Mama zangu, mbona hamli?" kijana akauliza.

"Tumekula nyumbani, baba," nikamwambia. "Endelea na mkutano."

Soda zilirudi kwenye kreti zikiwa na vizibo vyake.